Pikapu ya Mwalimu Mstaafu

Dada yangu,

Shikamoo! Kaa kwanza ndipo usome. Nimepata pikapu! Kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, lakini chesisi haina kutu hata chembe.

Kwa mwenyewe, mwalimu mstaafu, iliwaka mara moja. Nikagusa boneti: ya moto.

"Mwalimu, umeipasha moto kabla sijafika, ili isionyeshe ugonjwa wake?"

Akacheka. "We mtoto mjanja! Nani kakufundisha?"

Tukapiga soga mpaka injini ikapoa. Kuiwasha tena, moshi mweupe mtupu! Gasketi ya silinda imekufa. Nusura niruke kwa furaha, maana hiyo naiweza, na bei ikashuka palepale.

Nilitaka kukuuliza kwanza, maana hela ni ile uliyonitumia ya chuo. Ila Mama alianguka na pikipiki akienda kliniki. Kanikataza nisikwambie. Mguu unapona, lakini pikipiki hapandi tena, na kliniki kashaikosa mara mbili.

Basi nimeinunua, dada. Injini nimeishusha, iko vipande vipande sebuleni. Mama wala hajali: tangu asubuhi kakaa kiti cha mbele cha pikapu, mkoba mapajani, ananiuliza tunaondoka saa ngapi.

Mdogo wako, grisi mpaka masikioni