Sekunde Kumi za Haboba

Jumatatu, 1 Septemba. Nkoma, Mbale

Siku ya tatu ya gemu. Chai, kumsaidia Abdu kunawa, kumwekea mguu juu ya mto, kisha kuwasha tivii. Mguu uko kwenye plasta tangu boda boda ilipomwangusha. Shule zimefungwa, nikatoka Jinja na gemu hili kwenye mkoba nikiamini litamfungua mdomo. Halijamfungua. Mdogo wangu ana maneno matatu: ndiyo, hapana, asante dada.

Nimemchoka. Na gemu nimelichoka.

Jumanne, 2 Septemba

Niyatoe ya moyoni. Gemu hili ni la pili; la kwanza tulilicheza nyumbani Mpumudde, likizo nzima. Unakuwa mtu, unatembea nchi nzima, na kila jibu lako lina matokeo. Lilikuwa maandishi matupu. Abdu alishika pedi ya kuchezea, mimi nilisoma Kiingereza na kukigeuza Kiswahili. Walinzi wa mji niliwapa Kiswahili cha baba, kile cha kambi ya askari: "Wewe! Simama hapo! Kitambulisho iko wapi?" Abdu alicheka mpaka akalala chini.

Kila tukiulizwa swali, pedi ilikaa mkekani. Haiguswi mpaka tukubaliane. Kulikuwa na mganga mzee ambaye jina lake lilitushinda, tukamwita Haboba, kama tunavyomwita bibi yetu. Kuamua kumwokoa kulichukua siku tatu na ugomvi mmoja mkubwa. Raha tupu.

La pili? Kila mtu ana sauti yake. Mshale unaonyesha njia. Mimi sina kazi, nimekaa kama mgeni wa arusi asiyemjua bwana wala bibi. Picha nzuri, nakiri. Majani yanapepea. Nani aliomba majani?

Jumatano, 3 Septemba

Nilijaribu kutafsiri juu ya sauti zao. Abdu akaongeza sauti. Nikatoka kufua.

Nilifua kwa hasira kila nilichokikuta, hata sare yake ya ulinzi. Aliponiona naianika akasema, "Hiyo wacha tu." Hata shukrani hakuna.

Alhamisi, 4 Septemba

Haboba ametokea! Kumbe gemu linakumbuka kwamba katika la kwanza tulimwokoa. Amezeeka, anachechemea, ana fimbo. Abdu alikaa wima. Akatabasamu. Nilienda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Ijumaa, 5 Septemba

Wamemuua Haboba. Yaani sisi ndio tumemuua.

Askari walifika mlangoni wanamtafuta. Swali likatokea: umtoe au umfiche? Abdu, bila kufikiri, akaweka pedi mkekani na kunigeukia. Mara ya kwanza tangu nifike kunitazama machoni. Nikaanza, "Tukimficha darini..." Kumbe chini ya tivii kuna mstari mwekundu unapungua. Sekunde kumi. Ukaisha. Gemu likaandika kwamba hatukujibu, na asiyejibu amemtoa. Wakamburuta nje na fimbo yake. Hakuna kurudi nyuma, linajihifadhi lenyewe.

Nilitukana. Mwalimu mzima, Ijumaa, madirisha wazi. Siku tatu za kumwokoa, sekunde kumi za kumuua! Kwa nini waulize kama hawana muda wa kusikia jibu?

Abdu aliisukuma pedi kando. Kisha akasema, "Mimi pia walinifanya hivyo, dada."

Barua ya kampuni yake ya ulinzi ilimkuta hospitali. Achague: kazi ya ofisini au aache kazi. Siku saba. Siku hizo hata kukaa hawezi, barua iko chini ya godoro. "Nilinyamaza tu. Wao wakaandika mimi nimekubali kuacha."

Wiki zote hizi. Amemficha mama, amenificha mimi. Ile sare si yake tena.

Nilikasirika zaidi ya kwa Haboba, na nikamwambia. Tuligombana mpaka adhana ya alasiri. Akasema nilikuja na gemu, sikuja na swali. Imeniuma. Ni kweli, tangu nifike sikumuuliza kitu zaidi ya mguu.

Jumapili, 7 Septemba

Hatujaliwasha tena. Tunalisengenya tu, siku ya pili sasa, na Abdu hanyamazi. Mshale unamfanya mtu mjinga. Sauti ya Haboba ni ya msichana. Mimi nikatetea majani, basi tukabishana majani hadi chai ikapoa. Hukumu yetu: halifiki la kwanza hata kwenye kiatu.

Kati ya maneno hayo akasema plasta ikitolewa anarudi Jinja. Kazi ataitafuta huko huko. Anataka mimi nimwambie mama. Nilimwambia aseme mwenyewe. Akasema hawezi. Nimekubali, kwa shingo upande; kesho naenda.

Jumanne, 9 Septemba. Mpumudde, Jinja

Nimemwambia mama asubuhi. Hakulia, hakuuliza habari za kampuni. Alitoa magunia ya mkaa kwenye chumba cha Abdu, akafagia, akafagia tena.

Kisha akakaa kitandani, akanyoosha mguu mmoja mbele, akajaribu kuinuka bila kuukunja. Hakuweza. Kitanda kiko chini mno. Akaniambia mguu uliotoka kwenye plasta haukunjiki upesi, nilete matofali manne.

Nilibeba mawili, yeye akabeba mawili. Tukayaweka chini ya miguu ya kitanda. Akakaa, akanyoosha mguu, akajaribu tena.