Maini ya Gaudensi, Damu ya Vicky

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Vicky tena. Tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu, na homa kila jioni. Binti yangu amekonda mpaka sketi ya shule nimeifunga kwa pini. Nimempeleka hospitali. Daktari Wilibrodi kapima choo — mayai ya minyoo ya ini yamo. Nikaanza kulia. Akaniuliza kama mtoto anakula maini. Kilio kikageuka kicheko. Baba yake ana bucha mtaa wa Chanji! Kwetu maini ni chai ya asubuhi.

Akasema basi hapo ndipo penye kazi. Ng'ombe wengi wa huku wana minyoo hiyo, na mtu akila ini lao, mayai yanapita tumboni na kutoka, kama abiria. Choo hakiwezi kutofautisha abiria na mwenyeji.

"Choo kinasema amekula nini," akaniambia. "Damu ndiyo inasema nani anaishi ndani yake."

Wataalamu kutoka Dar watakuja wiki ijayo kuwapima watoto wa darasa lake, choo na damu. Dawa wanayo kidogo, ni ya wale tu ambao damu yao itaonyesha. Mpaka siku hiyo maini marufuku.

Sasa nimwombe Mungu nini? Damu ionyeshe, mwanangu apate dawa? Au isionyeshe, nibaki sijui kinachomla? Nimeomba vyote viwili.

Jumatano, 7 Agosti

Mume wangu Gaudensi kanuna. Anasema nimelitukana bucha. Baridi kali, upepo unaingia hadi kabatini.

Jioni kaja mama mkwe kutoka Kasense na kikapu cha majani ya bondeni, yale yanayoota ndani ya maji pale ng'ombe wanapokunywa. Ndiyo humpa Vicky kila likizo — mabichi, kwa chumvi na limau. Moto unaua vitamini, kasikia redioni. Mkwe anayechemsha majani mazuri hivi ni mvivu wa kutafuna, kasema, huku akinitazama mimi. Tumekula wote. Vicky sahani mbili! Nimefarijika. Angalau kapata kitu cha kumjenga badala ya maini.

Alhamisi, 8 Agosti — Nane Nane

Uchizi mtupu. Mtaa mzima umesikia watoto watatolewa damu. Rhoda, jirani yangu anayeuza mitumba, katangaza kwamba lazima waongezwe damu kwanza. Na kinachoongeza damu nani asiyekijua? Foleni ya maini imetoka buchani mpaka barabarani. Gaudensi kaandika ubao: MAINI YA KUONGEZA DAMU KABLA YA KIPIMO. Nikamwambia anawaharibia watu kipimo.

"Soko huria, mama Vicky."

Tangu biashara iachiwe huru, mume wangu hana jibu jingine. Hata nikimuuliza kwa nini hajaoga.

Jumatatu, 12 Agosti

Siku yenyewe. Choo kinapelekwa ndani ya kiberiti, kwa hiyo mtaa wetu wote wa Milanzi hauna kiberiti. Njiti tele zimemwagwa mezani, pa kuziwashia hakuna. Nimekwenda kwa Rhoda kuomba kaa la moto.

Shuleni Vicky kaikataa sindano. Gaudensi akajitolea atangulie, amwonyeshe mtoto ujasiri. Mtu anayechinja ng'ombe kila alfajiri! Kaiona damu yake mwenyewe inapanda kwenye bomba, kadondoka, na meza ya viberiti kaondoka nayo. Vicky kacheka mpaka wakamtoa damu hajui. Daktari Wilibrodi kasema hata ya baba wataipima, isije ikawa kaanguka bure.

Jumanne, 13 Agosti

Mayai! Darasa zima! Hata mwalimu mkuu, aliyetoa kiberiti chake ili kuwatia watoto moyo. Wataalamu hawajawahi kuona kitu kama hiki, mmoja kakimbilia posta kupiga simu Dar. Halafu mchana Daktari Wilibrodi kapita Chanji, kauona ubao. Kaung'oa, kauweka kwapani, kaenda nao.

Vipimo vyote vya choo vimetupwa. Imebaki damu.

Alhamisi, 15 Agosti

Majibu bado. Vicky ana homa, hataki hata uji. Kaniuliza kama minyoo inalala usiku. Sijacheka leo. Naogopa.

Jumamosi, 17 Agosti

Majibu! Karibu darasa lote ni abiria watupu. Wenye minyoo ya kweli ni watoto watatu, na Vicky yumo. Nimelia, nimeshukuru, nimelia tena. Dawa kaimeza palepale mbele yangu, uso kaukunja kama bibi yake. Na wa nne — Gaudensi! Kapewa dozi ya mwisho kabisa. Nyingine haijulikani itakuja lini.

Nikamwambia daktari, unaona maini haya. Akatikisa kichwa. Ini halina kosa, mayai yake yanapita tu. Minyoo hii mtu anaipata kwenye majani yanayoota majini wanakokunywa ng'ombe, akiyala mabichi. Kuna mtu nyumbani anayakula hayo?

Tukatazamana, mimi na Gaudensi. Vicky akatazama dari.

Tumefika nyumbani, nani yupo mlangoni? Mama mkwe. Na vikapu viwili vya majani, pongezi za mjukuu. Nani amwambie? Gaudensi kaninong'oneza kwamba mkwe ndiye anayejua kusema kwa adabu. Nikamwambia mwana wa kumzaa ndiye anayesamehewa. Nimejaribu kusema leo tuyachemshe kidogo, mama, kwa ajili ya baridi. Kaniuliza tangu lini nimekuwa mvivu wa kutafuna.

Sasa nimejificha jikoni na daftari hili, eti nawasha moto. Namsikia anakamua limau. Anamwita Vicky, aanze mgonjwa.

"Bibi," Vicky anasema, "daktari kasema —"

Na Gaudensi, haraka, mdomo umejaa:

"Matamu sana, mama."