Bunduki ya Bei Rahisi na Upindo wa Shati Langu

Mpendwa Shangazi Lempi, naomba unisaidie kabla ya tarehe kumi na tano Novemba, maana siku hiyo msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa na mimi sijui nitaingia kambini kwangu na uso gani. Mimi ni yule mzee aliyekuandikia mwaka jana, ulipowaomba wenye bunduki za bei rahisi watoe maoni yao, kama zinadumu, kama zinalenga, ukaichapisha barua yangu gazetini, juu kabisa, ile iliyosema hizo ni midoli ya plastiki, kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, na mtu mwenye akili zake haendi msituni na kitu alichonunua duka moja na sabuni. Watu walinipigia simu kunipongeza, nami nikaikata ile karatasi nikaibandika kambini juu ya jiko. Sasa ukweli ni huu, Shangazi: sijawahi kumiliki bunduki ya namna hiyo hata siku moja, wala kuifyatua.

Yangu ni ya marehemu baba, aliinunua kwa mshahara wa mgodini, kitako chake ni cha mti wa jozi, ukikipaka mafuta unajiona uso, na sioni haya kusema hakuna nzuri kama hiyo kuanzia hapa Baraga hadi kwenye lile daraja kubwa la ziwani.

Janelle, mke wa mwanangu Rory, ni mpishi wa shule hapa mjini, na mwaka jana alinunua ya kwake kwa dola mia tatu na kitu, darubini ikiwa imeshafungwa, akaja nayo kambini, mwanamke wa kwanza kulala pale tangu baba aijenge. Nikamwambia mbele ya wote, "Binti, hiyo ni bunduki au kasia la mtumbwi?" Wakacheka sana. Yeye akanijibu, "Mzee, kasia likikosa utanikata shati." Maana kwetu anayemkosa kulungu hukatwa upindo wa shati, ukapigiliwa ukutani na jina lake, na mwenye mkasi ni mimi, mwaka wa thelathini na moja huu, vipande vipo hamsini na kitu, vya jirani yangu Onni peke yake ni tisa, na changu hakuna hata kimoja. Nikaamuru kasia lisilale ndani na bunduki za watu, likakae kwenye kibanda cha kuni, na ile yangu nikaing'arisha nikaitundika karibu na jiko ili kila anayetoka kuoga mvuke kwenye sauna aione.

Asubuhi ya kufungua msimu nilikaa na Janelle kwenye kibanda kimoja cha kuvizia, akatoka dume kwenye mierezi, pembe zake ncha kumi, hatua hamsini tu, nikainua bunduki, nikaweka jicho, darubini nzima nyeupe, ukungu mtupu, nikafyatua hivyo hivyo kwa kukisia na kulungu akaondoka zake mkia juu. Akakata uwanda akafika mbali, hatua mia mbili na zaidi, Janelle akavuta pumzi, akafyatua mara moja, kulungu akaanguka pale pale. Shangazi, kitu cha kwanza nilichohisi ni fahari, moyo ulinijaa, nilitaka kupiga kelele msitu mzima usikie kwamba huyo ni mkwe wangu. Lakini Onni na Rory wakaja mbio wakiuliza, "Nani? Nani kapiga?" na mdomo wangu ukasema, "Wangu huyo. Mimi nimempiga wa kwanza, yeye kammalizia tu."

Tulipomchuna, tundu lilikuwa moja. Kisu alikishika Janelle, akaikuta risasi chini ya ngozi upande wa pili, nyembamba, ya kwake, maana ya kwangu ni nene na mtu hahitaji miwani kuzitofautisha. Akaitazama, akanitazama mimi, akaitia mfukoni. "Sawa, mzee," akasema, "ni wako." Hajaongeza neno mpaka leo. Pembe zipo ukutani na jina langu, na kila nikianza kumsimulia mgeni, yeye huinuka akaoshe vikombe.

Wiki iliyopita nimekuta tangazo kwenye ubao wa duka la chambo, mwandiko wake kabisa: "Bunduki inauzwa. Ya bei rahisi. Haijakosa hata mara moja." Rory anasema mwaka huu mkewe haji kambini. Nimefikiria kumtuma Onni ainunue kimya kimya, halafu nimrudishie Janelle siku ya Krismasi kama zawadi, mambo yaishe bila maneno. Au niseme? Nina miaka sabini na miwili, nikisema nitachekwa hadi kaburini. Nishauri, na majina tafadhali uyabadilishe.

Mwenye Kambi, Baraga

*

Mwenye Kambi, majina nimeyabadilisha, ingawa kila aliyewahi kula pasti, ile mikate iliyojazwa nyama, kambini kwako ameshakujua kabla ya kufika katikati ya barua.

Kwanza pole, maana kubeba uongo mwaka mzima kwa umri wako ni kazi nzito. Pole imeisha.

Niliomba maoni ya wenye bunduki, wewe ukaniletea maoni ya mwenye mdomo. Wenye nazo waliandika vizuri tu. Muuguzi mmoja alisema bolti ya bunduki yake, lile komeo la kuingizia risasi, inakwaruza kama mlango wa zizi. Mkata magogo alisema magazini ya plastiki, kile kisanduku cha risasi, ilimpasukia kwenye baridi, ikabidi aagize nyingine. Na wote wawili walisema inapiga pale unapoielekeza. Hayo ndiyo maoni, mabaya na mazuri yake. Yako ilikuwa kelele, na kosa la kuiweka juu ni langu. Ati kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza! Ni bunduki ipi iliyotembezwa mwaka mzima, nyumba kwa nyumba, kama si ya marehemu baba yako, kinywani mwako?

Hebu isome tena barua yako. Bunduki umeitundika karibu na jiko, mvuke wa sauna unaipiga, kisha alfajiri ukaitoa nje kwenye barafu. Hapa kwetu hata watoto wanajua bunduki hulala nje kwenye baridi, ndiyo maana darubini haifanyi ukungu. Baba yako angekuvuta sikio. Ya Janelle ilikuwa inaona vizuri kwa sababu wewe mwenyewe uliifukuza ikalale na kuni! Bunduki ya baba yako ni nzuri, sikatai, nami ninayo ya marehemu mume wangu na siwezi kuiuza hata kwa shamba. Lakini iliyosema "wangu huyo" siyo bunduki.

Na hilo la kumtuma Onni, thubutu! Unataka kumnyamazisha mtu kwa kumrudishia kitu chake mwenyewe? Alishanyamaza, mzee. Hicho ndicho kinachokuunguza.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Miaka yote umekata mashati ya watu ukicheka, sasa ni zamu yako, nawe ulipe kwa shati zuri, lile ulilovaa kwenye harusi ya Rory, siyo la kulishia kuku. Nenda kwa Rory na Janelle Jumapili hii, na Onni umchukue, maana uliwadanganya wote. Sema, "Nilikosa mimi. Uliyempiga ni wewe." Ukungu usiutaje, huo ni wa kusimulia mwakani. Kisha mwambie lile la fahari, kama ulivyoniambia mimi, usipunguze neno, maana hilo hajalisikia na ndilo alilolifuata kambini. Ukimaliza, mkasi mpe yeye. Akikata hadi mabegani, vumilia. Jina kwenye zile pembe libadilishe kwa mkono wako, na kile kipande cha gazeti langu kilichoko juu ya jiko kiwashie moto.

Utachekwa, ndiyo. Onni ana vipande tisa ukutani na bado anakula vizuri.

Usiogope kwamba umechelewa. Tangazo lile alilileta gazetini pia, nami nikampigia simu, maana bunduki isiyokosa hata mimi naitaka. Janelle akaniambia wameshakuja wanunuzi watatu, wote na pesa mkononi, na wote amewakatalia. Nikamwuliza, "Sasa mwanangu, wewe unataka bei gani hasa?" Akasema, "Siyo bei, Shangazi. Kuna mzee mmoja namsubiri ausome ule ubao."

Umeshausoma. Nenda.