Kocha, Jibu la Swali Lako Limefika

Mwaka mzima umetimia sasa, Kocha, tangu utoke hapa nyumbani ukiwa umeshikwa mkono na mwanao, ukisema unakwenda hospitali kuangaliwa kifua tu na jioni utakuwa uwanjani. Filimbi uliiacha kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Ipo pale pale. Mwanao ndiye anayewafundisha vijana siku hizi, lakini anawaita kwa kupiga mluzi na vidole. Filimbi yako amekataa kuigusa.

Siku yenyewe ya kutimia mwaka ilikuwa Jumatano. Tumengoja Jumamosi ndipo tukukumbuke pamoja, kwa sababu tunakujua. Tungewaita vijana wako katikati ya wiki, ungefufuka kutuuliza nani kawapa ruhusa ya kukosa shule.

Asubuhi ulikuwa fundi viatu, jioni kocha wa mpira wa kikapu. Raba za vijana zilizong'oka soli zilijaa mpaka chini ya kitanda chetu, nikakuuliza kama niliolewa na mtu mmoja au na timu nzima. Ulicheka mpaka ukakohoa. Na kile kitambaa chekundu ulichokitundika juu ya mlango, wale warefu wako wasije wakajigonga vichwa, bado kinaning'inia. Mimi na ufupi wangu hakinihusu, ila sikitoi.

Sheria yako ilikuwa moja. Kabla ya mchezo mlisimama duara, mpira ukapita mkono kwa mkono, na kila aliyeushika alisema jambo moja alilofundishwa darasani siku hiyo. Asiye na la kusema aliurudisha kwako, akaenda zake, hata awe mfungaji wenu mkubwa. Watu walisema unajiharibia timu mwenyewe. "Timu nitaunda nyingine," ulisema.

Halafu Mlingoti. Wasiomjua tuwaambie: ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote, na baba yake alipougua aliacha shule, akaenda kubeba magunia ghalani. Jioni moja alikuja uwanjani na vumbi la saruji kwenye nyusi. Mpira ulipomfikia aliutazama, akasema, "Kocha, mimi sina." Akakurudishia, akaondoka.

Usiku ule hukugusa chakula. Nikakwambia, "Mume wangu, ni kijana mmoja tu. Wengine wote wapo."

Ukanijibu, "Ungepotelewa na mwana mmoja, ungekaa kuhesabu waliobaki?"

Tangu hapo ukawa mtu wa kwenda ghalani. Msimamizi alikufukuza: "Mzee, hapa hakuna kikapu!" Wiki iliyofuata ulikuwa umerudi, umekaa juu ya magunia, unamngoja amalize zamu mtembee pamoja mpaka kwao. Nilipokucheka ulisema bandu bandu huisha gogo. Jamani, gogo lenyewe lilikuwa gumu!

Na pale hospitali, neno lako la mwisho halikuwa langu wala la watoto. Ulifungua macho ukauliza, "Mlingoti amerudi shule?" Nikasema, "Wewe mwanaume, pumua kwanza. Ya watu baadaye." Hiyo baadaye hatukuipata. Swali lako limekaa nami humu ndani mwaka mzima, na sikuwa na la kukujibu.

Basi sikiliza. Jumatano jioni mlango uligongwa. Kitambaa chekundu kikatikisika, akaingia mtu ameinama, amevaa sare ya shule, suruali inaishia juu ya vifundo vya miguu. Mlingoti! Baba yake amepata nafuu, na ndiye aliyemwambia, "Yule kocha wako hakuwa akija ghalani kwa ajili ya magunia. Rudi." Amerudi tangu muhula uanze, anakaa darasani na watoto wadogo kuliko yeye, wanamtania, amevumilia. Alikuwa anaona haya kuja kwetu kwa kuwa amechelewa.

Akaomba mpira. Akasimama katikati ya sebule akatueleza jinsi maji na hewa vinavyokula chuma hadi kiwe kutu. Mimi sikuelewa hata nusu. Alipomaliza akageuka huku na huku, anatafuta wa kumrudishia mpira. Nikaupokea mimi, ambaye tangu unioe sikuwahi kuushika ila kuutoa jikoni. Nikaukumbatia, nikalia kama mtoto.

Nimekukumbuka, mume wangu. Natamani ungekuwa umekaa pale kwenye kiti chako umsikie mwenyewe. Hata zile raba chini ya kitanda nazitamani.

Jioni ya leo tutasimama duara uwanjani kwako, na mpira utaanzia mikononi mwa mama yako.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Mama yako mzazi, ambaye bado anauliza kama umekula. Mwanao wa mluzi. Binti yako nesi, aliyekesha nawe. Ndugu yako fundi wa kuchomelea, aliyekiunda kikapu kwa mikono yake na sasa ameahidi kukipaka rangi kabla kutu haijakimaliza. Na vijana wako wote, waliohitimu na walio madarasani.

Hutatutoka moyoni kamwe, Kocha. Na ndiyo, Mlingoti amerudi shule.