Majaruba ya Mama Ng'ambo ya Lami

Muscat

Kaka Athumani,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza, kama tulivyolelewa, maana hasira haikupunguzii ukubwa wako kwangu. Wifi anaendeleaje na kile kikohozi? Niliondoka akiwa amejifunga mtandio puani kwa ajili ya vumbi, na mtoto wenu mdogo alikuwa na homa. Mungu awape afya. Mimi nilifika salama na kazi nimeshaianza. Yule bibi ninayemtunza yuko vilevile, anataka nimlishe kwa mkono wangu tu.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zangu unazikata, na ukipokea unaweka sauti ya juu hapo dukani, wateja wote wanasikia. Barua hii nimempa mama mmoja wa kule Bendera anayekuja likizo. Isome ukiwa peke yako.

Kaka, siku ile nilipokuja, gari kutoka Same lilinipitiliza nyumbani kwetu. Mtu nimezaliwa Kihurio, nikapita mlango wa mama yangu bila kuujua! Nilikuwa natafuta uwanja wetu na ule ukoka wa mbele, kumbe lami imeumeza uwanja wote. Nilirudi kwa miguu naburuta begi kandokando ya mtaro, fuso zinanipigia honi kama mbuzi aliyepotea njia. Mama nilimkuta kibarazani, amekaa karibu na barabara kiasi kwamba lori likipita, kanga yake inapepea. Ukutani wamechora ule msalaba mwekundu. Nikamuuliza wa nini, akasema, "Wanataka kupanua barabara tena."

Huku ninakoishi barabara ni pana kuliko mto, lakini wamejenga daraja la watu kupita juu. Kwetu hata tuta hawakuweka. Mliambiwa watu watakuja kupima, wakaja, wakapima, wakaenda. Halafu Bi Zaina akagongwa akienda kuchota maji, rafiki wa mama tangu usichana wao, na mimi nikaambiwa kwa simu kwamba "amefariki ghafla." Tangu siku hiyo mama hakuwa amevuka barabara kwenda kwenye majaruba yake ya mpunga. Hilo nalo nililikuta huko huko, hukuniambia.

Katika kila simu ulikuwa unaniambia, "Mama hajambo, na majaruba yake yanatoa vizuri, namsimamia mimi mwenyewe." Nilikuwa nalala vizuri kwa maneno hayo.

Siku ya tano nikamwambia, "Mama, twende ukaone mpunga wako, mimi nitakushika mkono."

Akasita. "Kuna magari, mwanangu."

"Tutangoja yapite."

"Jua kali."

Nilidhani ni woga wa barabara tu. Nikambembeleza, nikamvalisha viatu, tukatoka. Tulisimama ukingoni muda mrefu. Yalipita malori ya tangawizi yakitoka milimani Myamba, zikaja bodaboda zinazofukuzana, na kila nikisema twende, mama ananivuta nyuma, "Bado. Bado." Mtu aliyetubeba mgongoni mimi na wewe kuvuka mfereji wakati wa masika, leo ananing'ang'ania kama mtoto.

Tukavuka. Tukapita uchochoro kati ya zile fremu mpya za maduka, zile zinazoziba usione upande wa pili. Nikatazama mbele, sikuona jani hata moja la mpunga. Kifusi kimejazwa mpaka kwenye ukingo wa mfereji, malori yamepangwa safu, na maji ya mfereji yanakwenda meusi kwa oili.

Kijana aliyekuwa anaosha lori akatuzuia. "Bibi, mna gari humu?"

Mama akamjibu, "Sina gari. Nina majaruba."

Akacheka, wala hakuwa na ubaya. "Majaruba gani, bibi? Hapa ni kwa Athumani."

Kaka, natamani ungekuwepo usikie jina lako likitajwa pale. Mama alitazama chini, akasogeza kokoto kwa kidole cha mguu, kisha akageuka. Tulipofika barabarani hakusimama. Hakutazama kulia wala kushoto. Alitembea tu, mimi nimemkumbatia kiunoni nikipiga kelele, lori likafunga breki mpaka likanuka mpira, dereva akatutukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Aliyataka magari yamfanye nini, sijui. Sijamuuliza na sitamuuliza.

Siku mbili baadaye ulikuja. Ulishusha gunia la mchele kibarazani ukasema, "Haya mama, la kwako hilo. Mwaka huu jaruba limejibu!" Na mama akalipokea kwa mikono miwili, akakuombea dua, akakupakulia wewe kwanza. Uliponiona nimeinamisha kichwa ukadhani nina uchungu wa safari. Nilikuwa nangoja mama aseme.

Ulipoondoka nikamlipukia. "Mama, kwa nini unamwachia akudanganye mbele ya uso wako?"

Akasema, "Mimi nilijua zamani. Mpunga wangu ukiwa jikoni unanukia mpaka kwa jirani. Huu anaouleta hauna harufu. Tangu gunia la kwanza nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, angeona haya, asilete tena. Na siku anayoleta mchele ndiyo siku pekee anayokaa akala na mimi."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka huku. Sijitoi lawamani, kaka. Mimi namlisha mama wa watu kwa mkono wangu, wa kwetu namtumia vifurushi. Lakini mimi niko ng'ambo ya bahari. Wewe uko mwendo wa dakika kumi.

Shamba limeshazikwa, sitakuambia ulifukue. Wala usije ukamwomba radhi kwa maneno mengi, atakukatisha. Na ile nyumba wakija kuibomoa, usimpeleke mtu mwingine akamtoe mama. Nenda wewe.

Nisalimie wifi, mwambie dawa ya kikohozi naitafuta. Nisalimie shangazi wa Myamba ukimwona sokoni, na mwalimu wetu wa madrasa, mzee wa watu, nasikia macho yamemwishia. Wanao wabusu vichwani, na uwakataze kucheza pembezoni mwa lami.

Na kwa mama, kaka, nenda wiki hii. Usibebe gunia. Nenda mikono mitupu, uketi, ule kitakachokuwepo.

Mdogo wako,
Mwanaidi