Funguo ya Chumba cha Gihundwe

Maman mupenzi,

Pole na mvua. Dada Esipe ameniambia njia ya kushuka Gihundwe imeharibika na unashika ukuta ukienda misa. Mugongo unasemaje? Na ile mbuzi, imezaa? Mimi mwili ni muzima, roho ndiyo inachoka. Barua hii anakuletea Odetta, mwenzangu wa hapa anayerudi kwao Giheke, basi usimuache aende bila kunywa chai.

Umeniuliza mara mbili kama nimefika kwenye kaburi la Yesu. Sijafika, Maman. Nchi Takatifu yangu mimi ni unga: nakanda, nabeba, nafagia. Umeniuliza pia juu ya chumba changu cha huko nyumbani. Nitakujibu, lakini vumilia kwanza nikuambie yaliyotokea huku, juu jibu langu limetoka humo.

Mwenye bulanjeri yetu ya mikate, Muzee Yakobo, ni Muyahudi. Anayeoka mukate ni Abu Samiri, Muarabu. Hawa babili bamefanya kazi pamoja tangu mimi sijazaliwa. Na vile banasemana, ayi! Muzee ananiambia: "Solange, Muarabu akikuchekea, angalia mukono wake mwingine." Akitoka tu, Abu Samiri anakuja: "Muyahudi hakupi hata salamu kama hajaona faida yake." Halafu saa ya chai banakaa kwenye gunia moja ya unga, na Abu Samiri anamutilia Muzee sukari kwa kujificha, juu bibi yake amemukataza. Nilikuwa nacheka sana. Nilisema moyoni, hawa ni sisi kabisa na batu ba Bukavu, ng'ambo ya mupaka. Sisi tunasema bao ni kelele na nguo tu, bao banasema sisi tunacheka na meno bila roho, na sokoni tunagawana kivuli kimoja.

Tangu vita, hakuna kucheka. Muzee amezika mujukuu wake, askari, kijana bado. Dada ya Abu Samiri alikuwa Gaza na batoto, nyumba imebaangukia bote, na yeye hata kwenda kuzika hakuweza. Wala mumoja hakuenda kukaa na mwenzake kwenye kilio. Kila mutu alingoja mwenzake aanze. Ving'ora vikilia tunakimbilia batatu katika kachumba ka zege, magoti yanagusana, na kila mumoja anageuza uso.

Sasa sikiliza. Unajua Pasaka yao, ile ya Musa, chachu haitakiwi kubaki kwa Muyahudi. Lakini bulanjeri yote ni chachu! Kwa hiyo bako na desturi. Unga, chachu, biskuti, yote inauzwa kwa mutu asiye Muyahudi, banaandikishana karatasi na anapewa funguo ya stoo. Sikukuu ikiisha, anairudisha. Usifikiri ni muchezo. Kwa zile siku mali ni yake kweli, akitaka anaweza kuibeba yote aende nayo. Na kila mwaka mutu huyo ni Abu Samiri. Anakujaka na shati nyeupe ya pasi, anasaini, anatia funguo mufukoni na kusema: "Mwaka huu sirudishi, Yakobo." Muzee anamujibu: "Nilijua tu, Muarabu ni mwizi." Banacheka mpaka bakohoe.

Mwaka huu, asubuhi ya ile siku, Muzee akaniita mimi. "Wewe si wa kwetu, si wa kwao. Saini hapa."

Nikasaini, akanipa funguo. Na nilifurahi, Maman! Nilijiona mukubwa. Nilidhani ni kama jirani anakuachia funguo akienda soko. Nilikuwa ningali nimeishika mukononi, Abu Samiri akaingia. Shati nyeupe. Ya pasi.

Aliangalia funguo, akaniangalia mimi. Muzee hakumuangalia hata kidogo. "Mabruki," akaniambia, maana yake hongera. Akatoa aproni yake kwenye musumari, akaikunja vizuri, akatoka nayo. Muzee aliendelea kupanga karatasi zake, zile zile, tena na tena.

Kesho yake nilimufuata Abu Samiri nyumbani na ile funguo. Nilimuambia: "Siku hizi mali ni yangu, na mimi nakupa wewe." Bibi yake alinipa kahawa. Yeye alinisukumia funguo juu ya meza. Akasema: "Binti yangu, unga niko nao hapa nyumbani. Mimi nilikuwa nakwenda kwa ajili ya ile siku moja ya mwaka, Yakobo anaponiachia kila kitu chake na kulala usingizi. Murudishie."

Sikukuu imeisha, funguo nimeirudisha kwa Muzee, na Abu Samiri hajarudi. Mukate naoka mimi, unatoka mugumu. Kila asubuhi Muzee ananiuliza: "Hajapiga simu?" Namuambia: "Mupigie wewe." Anasema: "Ni yeye alitoka." Jana nilimukuta peke yake kwenye gunia, chai imepoa mbele yake. Nilitaka kulia, na pia nilitaka kumupiga. Lakini aliyesaini ni mimi.

Haya, chumba changu. Esipe amenieleza yote. Miaka mingi Maman Furaha anakuja kutoka Bukavu na bitenge, na zile hajauza anaziacha chumbani mwangu ili asizivushe daraja ya mupaka kila siku. Sasa umemunyang'anya funguo, umemuambia batu ba ng'ambo habaaminiki tena, na unataka nikubali chumba kipewe mutu mwingine. Maman! Wewe umekulia wapi? Si Bukavu? Siku ile balipokupigia kelele sokoni, "Munyarwanda, rudi kwenu," nani alikufunika na kitenge yake akasema huyu ni dada yangu? Nani alinibeba mugongoni mpaka kwenye daraja? Wewe mwenyewe ulinihadithia, ukilia.

Najua unaogopa. Tangu vita ya huko ng'ambo, majirani banauliza unaficha nani. Hata mimi hapa naogopa, sikudanganyi. Lakini chumba ni changu na sikubali.

Ukitikisa bahasha hii utaona kitu kinaanguka. Ni funguo yangu ya chumba, ile niliyotoka nayo, naizungusha mukononi kila nikikukumbuka. Umupelekee Maman Furaha wewe mwenyewe pale mupakani, Rusizi ya Kwanza, usimutume Esipe. Ukikuta mupaka umefungwa, urudi kesho yake. Usimueleze mengi, na usingoje yeye aanze.

Nisalimie Papa Donati, baba yangu wa ubatizo, na shangazi Imakulata, na Esipe dada yangu, aache kusikiliza ya majirani. Maman Furaha usimupe salamu zangu kwa simu. Zifike pamoja na funguo.

Mutoto wako,
Solange