Vuai Mkadam, Hukuwa na Mke Mwengine

Mwaka umetimia, Baba Mwatima, tangu ulipotutoka alfajiri ya Ijumaa. Mola akurehemu.

Ulitoka Unguja baada ya Mapinduzi, na hapa Queensbury, kwa Waingereza, ukapata kazi ya kushika funguo za chuo cha mtaani. Ulikuwa ukituhadithia: wakati ule chuo ni mabanda ya mbao yaliyosalia baada ya vita vikuu, vijana wa Kizungu wakifunzwa useremala na mabomba. Wakaja Wahindi wa Kampala na Nairobi, wakaja Wasomali, mabanda yakawa ghorofa, na darasa la Kiingereza likajaa mama watu wazima. Chumba cha chini ukatandika mkeka, wanafunzi wasali. Siku za mitihani ulikuwa hufungi maktaba mpaka wa mwisho ainuke mwenyewe.

Jioni ukirudi umeshiba chapati, nami nanuna: "Nani kakupikia?"

"Watu wa chuo, bibi we."

Sikuuliza zaidi, lakini jicho langu halikulala.

Siku ya tatu ya msiba wako tumekaa chini, mimi kizuka, mjane wa eda, na nguo zangu nyeupe. Akaingia mama wa Kihindi, naye kavaa nyeupe juu mpaka chini, akaketi akalia kwa sauti: "Bwana Vuai, umeniacha na nani!"

Dada yako Mize akaninong'oneza, na wote wakasikia: "Wifi, leo humu mna vizuka viwili."

Nikasema moyoni, dini imeruhusu, mimi ni nani nikatae? Nikasogea. "Mwenzangu, njoo ukae hapa. Eda tutakaa pamoja. Kakuoa mwaka gani?"

Akaacha kulia. "Kunioa?" Kiswahili chake cha Mombasa. "Mama wee! Mimi Daksha, mwalimu wa ushoni chuoni. Mume wangu Kishor yuko nje, atafuta pa kuweka gari! Sisi msibani twavaa nyeupe. Bwana Vuai ni kaka yangu. Kila mwaka namfunga uzi mkononi, kama kwetu dada amfungavyo kaka. Hukuuona?"

Niliuona, Baba Mwatima. Nikidhani hirizi.

Akanieleza alivyofika hapa hana ndugu, akasimama mlangoni mwa chuo anaogopa kuingia, wewe ukamfikisha mpaka darasani. Kwanza mwanafunzi, leo mwalimu. Na chapati zilikuwa zake. Nilivuta ushungi nikajifunika uso, sikuweza kumtazama.

Lakini waliosikia nikimwalika hawakungoja jibu. Kabla ya magharibi, mpaka Ilford, ng'ambo ya pili ya mji, wanajua Vuai kaacha bi mdogo wa Kihindi. Hadi leo wapo wanaoniuliza, "Mwenzio hajambo?" na kuminya midomo. Nami mwaka mzima nikaona haya kujibu, maana neno lilitoka kinywani mwangu, tena mbele ya jamaa zako, wewe hujamaliza wiki kaburini.

Basi nawajibu hapa, kwenye tangazo lako la kumbukumbu. Hukuoa siri. Hukunificha kitu, ni mimi sikuuliza zaidi. Anayekuombea dua akuombee na jina lako safi.

Hitma yako ni Jumamosi, nyumbani. Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Mwanakheri, wanao Mwatima na Khamis, dada yako Mize, na Daksha, dada yako wa chuoni. Yeye atakaa ubavuni kwangu, kila ajaye atuone.

Hatutakusahau, wala hatutakubali ukumbukwe kwa lisilo lako.